Isisomwe kwa Mdomo wa Mtu

Maskati,
4 Machi 2002

Mwanamize mwanangu,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa mzima, na Abeer na watoto wazima, ila huyu wa mwisho ameng'oka meno mawili ya mbele na amekataa kucheka mpaka yaote. Iddi tumeila vizuri. Wewe vipi, na skuli vipi? Baba yako anakula? Na Mzee Masika bado yuko nyumba ya pili? Nisalimie, lakini si mbele ya baba yako.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Uliniandikia kwamba Jafferali amenunua kompyuta mpya ya duka na ile kuukuu amekupa wewe. Nimefurahi kuliko unavyodhani. Ndani ya bahasha hii mna sidii moja na disketi moja. Kwenye sidii mna programu inayosoma maandishi kwa sauti. Unaipa ukurasa, inausoma neno kwa neno, bila mtu. Sauti nimeichagua ya Kihispania, kwa sababu irabu zao ni kama zetu, kisha nikaihangaikia mpaka ikaweza kusema ng'ombe na dhambi. Ami yako hana cheo katika kiwanda hiki cha uchapaji, lakini kwa mambo haya wananijua.

Kukuletea ikiwa imeshajengwa haiwezekani. Nimejaribu. Programu iliyojengwa kwenye mashine mpya za huku haikubali kufanya kazi kwenye mashine ya miaka tisa. Ni kama kanzu, lazima ikatwe kwa mwili wa mvaaji. Kwa hiyo utaijenga wewe, hapohapo nyumbani, yaani mashine yako yenyewe iyageuze maandishi ya kwenye sidii yawe programu. Maelekezo yamo kwenye karatasi ya manjano. Kozi uliyoisoma Unguja leo ndipo itakapofaa, fundi wangu.

Baba yako mwambie ni ya kumsomea magazeti na vitabu. Ni kweli. Lakini kwenye disketi mna barua yangu kwake. Hajanisamehe kuondoka bila kumuaga, na kaseti niliyomtumia mwaka juzi unajua ilivyokwisha: aliisikia sauti yangu, akaichomoa, akaivunja. Basi asisikie sauti yangu, na asisikie yako. Tangu presha ya macho imtie kiza, kila kilichoandikwa kinamfikia kupitia kwako, na hiki sitaki kipite kwako. Barua hii isisomwe kwa mdomo wa mtu. Usiifungue. Mashine ikiweza kusema, mtilie disketi, kisha utoke ufunge mlango.

Usiniulize mna nini ndani.

Ami yako,
Zahran


Gombani, Chake Chake,
2 Aprili 2002

Ami Zahran,

Shikamoo, na wa alaykum salaam. Bahasha imefika salama kwa mkono wa msafiri wako. Mwambie mdogo wangu acheke tu, mapengo si aibu kwa umri wake. Skuli tunaendelea. Darasa langu lina watoto sabini na vitabu kumi na viwili, na mimi sauti imeanza kukauka.

Baba anakula. Tangu nilipomtajia mashine ya kusoma amekuwa mtu mwingine. Amenifanya niisogeze meza dirishani ili mashine ipate mwangaza, na ami, nilitoka nje nikalia, kwa sababu yeye mwangaza haujui tena. Nikirudi kutoka skuli neno la kwanza ni moja tu: imesema?

Salamu zako kwa Mzee Masika nilizipeleka kwa mlango wa nyuma. Amezipokea na kukuombea dua. Hali yao na baba ni ileile. Tangu baba asimamishwe kazi baada ya uchaguzi wa tisini na tano, hakuna wa kumtoa kwenye imani yake kwamba Mzee Masika ndiye aliyelipeleka jina lake serikalini kuwa ni mpinzani. Miaka saba hawaitikiani salamu. Mzee Masika ameniapia tena, mkono juu ya msahafu, kwamba hakulitaja jina la mtu.

Sasa mashine. Kwanza inafanya mipangilio, na hapo inakagua kila kitu kama karani wa bandari ya Wesha anavyokagua shehena: hiki kipo, hiki hakipo, hiki ni cha zamani. Kisha inajenga. Betri ya ndani imekufa, kwa hiyo kila nikiwasha inanilazimu kuiambia tarehe na saa. Umeme unakatika kila siku jioni na kurudi baada ya magharibi, nami natoka skuli mchana, basi nimekuwa nikijenga vipande vipande. Siku ya tisa ikamaliza. Baba akavaa kanzu safi akaja kukaa karibu. Nikaiandikia Bismillahi ili iseme. Ikaandika kwa Kiingereza kwamba imepewa amri isiyo halali, ikafa papo hapo.

Nilipomtafsiria baba akasema, "Mashine yenye haya hino. Imeamrishwa haramu imekataa." Alicheka, lakini kanzu aliivua polepole sana.

Nifanye nini?

Mwanao,
Mwanamize


Maskati,
25 Aprili 2002

Mwanamize,

Salamu nyingi, na kwa baba yako vilevile, ingawa najua hutamfikishia. Abeer amepata kazi katika skuli ya chekechea na sasa mimi ndiye ninayepika wali. Watoto wanamwomba aache kazi.

Ulichokiona ni jambo la kawaida kwa mashine za umri huo. Ndani ya faili la mipangilio mna mistari miwili ninayoishuku. Mmoja, nimekuwekea wino mwekundu kwenye karatasi, unafikiri mashine ina chipu ya hesabu. Wa pili, wino wa buluu, unafikiri prosesa ni ya kizazi kipya. Badili wa kwanza, jenga, jaribu. Usipoponya, badili wa pili, jenga, jaribu. Usibadili yote miwili kwa mkupuo, maana hatutajua kilichoponya ni kipi. Ndivyo tunavyofanya kazi sisi, hatua moja, jaribio moja. Huna haja ya kurudia zile siku tisa. Ukibadili mstari, mashine itajenga upya panapohusika tu.

Na saa uiambie sawasawa kila unapoiwasha. Programu ya kujengea hutazama saa kujua kipi kipya na kipi cha zamani.

Umeniandikia kwamba Mzee Masika ameapa. Anaapa mara ngapi? Mwambie asijisumbue. Mwambie ami yako anamwamini.

Zahran


Gombani,
30 Mei 2002

Ami Zahran,

Shikamoo. Sisi wazima. Maulidi yamepita salama. Mpira wa dunia unaanza kesho na Jafferali ameahidi kutoa televisheni barazani, kwa hiyo huko mjini hakuna anayezungumza jambo lingine.

Mstari mwekundu niliubadili, nikajenga, haukuponya. Wa buluu niliubadili siku ileile umeme uliporudi, haukuponya. Amri isiyo halali, neno kwa neno. Saa naiweka sawasawa. Naiweka kwa saa ya ukutani ya marehemu babu, ambayo unaijua, haijawahi kuikosea magharibi hata siku moja.

Disketi yako niliijaribu kama ni nzima. Ni nzima.

Mzee Masika anaumwa kifua. Ujumbe wako nilimfikishia. Alinitazama muda mrefu.

Baba bado anauliza.

Mwanamize


Maskati,
20 Juni 2002

Mwanamize,

Barua yako fupi kama ya hakimu. Nimekukosea nini?

Sikiliza. Haiwezekani. Mstari wa buluu ndio dawa yenyewe, nimeuliza watu wanaojua kuliko mimi, na wote wamesema hivyo. Unavyonieleza ni kama mtu ambaye hakubadili kitu chochote. Ulihifadhi faili kabla ya kulifunga? Au ulibadili la pembeni ukaliacha lenyewe? Usinune, nauliza kama ninavyowauliza vijana wa hapa kazini.

Fanya hivi. Futa kila kitu, nakili upya kutoka kwenye sidii, jenga tangu mwanzo, hata zikiwa siku tisa nyingine. Ikimaliza, mstari mwekundu, kisha wa buluu, kwa utaratibu uleule, mmoja mmoja. Na safari hii uniandikie kila ulichofanya na saa uliyokifanya na kila neno mashine iliyokujibu. Usinifupishie hata kidogo.

Kifua cha Mzee Masika kinaendeleaje? Amekwenda hospitali? Kuna mtu wa kumpeleka? Niandikie haraka kuhusu hilo, hata kabla ya mashine. Na baba yako bado hajasema kitu juu yake? Hata kwa bahati mbaya?

Huku joto halisemeki. Silali vizuri.

Zahran


Gombani,
18 Julai 2002

Ami Zahran,

Shikamoo. Barua yako nimeipata tarehe 8. Karafuu zimeanza kuchumwa na skuli imebaki na nusu ya watoto.

Nimefuta vyote. Nimenakili upya. Siku nane safari hii. Hivi ndivyo ilivyokuwa siku ya mwisho, sikufupishi.

Nimewasha mashine nilipotoka skuli. Imeniuliza tarehe na saa, nikaiangalia saa ya babu, nikaiandikia saa tisa. Ikamaliza kujenga. Nikaijaribu, ikafa kwa neno lilelile. Saa tisa na robo nikabadili mstari mwekundu, nikahifadhi, nikatazama mara mbili kwamba nimehifadhi. Nikajenga. Ikafanya kazi mpaka saa kumi kasoro dakika tano. Nikajaribu, ikafa. Saa kumi na moja umeme ukakatika. Nikamtawadhisha baba akaswali magharibi, umeme ukarudi. Nikawasha, ikaniuliza, nikaiandikia tarehe ileile, saa moja na nusu. Nikabadili mstari wa buluu, nikahifadhi, nikatazama mara mbili. Nikaiambia ijenge. Haikuchukua hata nukta. Ikajibu kwamba kila kitu kiko sawa na kimeshatimia. Nikajaribu, ikafa.

Ulitaka habari za Mzee Masika haraka. Amefariki Alhamisi tarehe 11. Mwanawe alimpeleka hospitali, wakamrejesha siku ya pili. Walimzika baada ya alasiri, mtaa mzima na watu wa Wingwi kwao wakaja. Baba hakwenda. Jeneza limepita chini ya dirisha tulipoiweka mashine, na baba alikuwa kitini. Alisikia wanaitikia shahada. Aliniuliza ni nani, na mimi nilimwambia, naye akasema nifunge dirisha.

Nilifunga.

Mwanamize


Maskati,
9 Agosti 2002

Mwanamize,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimeisoma barua yako kazini, nikatoka nje, nikakaa kwenye gari bila kuliwasha. Kwangu sikumwambia mtu. Abeer hamjui Masika.

Kwa nini hukunipigia simu? Najua, sikukuachia nambari. Basi.

Kosa nimelipata, na kosa si lako. Barua yako niliisoma mara tatu nisione kitu, kwa sababu niliisoma kama Mpemba. Mihir, Mhindi wa meza ya pili, hajui neno la Kiswahili. Nilimwandikia nambari tupu za saa kwenye karatasi, akauliza: huyu mtu amekwenda mbele au amerudi nyuma?

Saa ya babu inapiga kumi na mbili jua likizama. Mashine haijui hivyo. Mashine siku yake huanza usiku wa manane na kuhesabu moja kwa moja hadi ishirini na nne. Ulipoiandikia tisa mchana, iliamini ni saa tatu asubuhi. Ulipoiandikia moja na nusu baada ya magharibi, iliamini ni saa saba na nusu za usiku, wa tarehe ileile, yaani kabla hata ya kucha. Kwa hiyo mstari wa buluu ulionekana umeandikwa kabla ya programu kujengwa. Ikasema hili nimeshalijenga, kila kitu kiko sawa. Haikuugusa. Mara zote mbili haikuugusa. Nami nilikwambia uiambie saa sawasawa, ukaiambia sawasawa, kwa saa iliyonilea mimi na baba yako.

Na kama nisingekukataza kubadili mistari miwili kwa pamoja, ungeibadili yote mchana na mwezi wa Mei ingesema. Hilo nalo ni langu.

Ongeza sita kwenye saa ya babu mchana, na kumi na nane ikishapita magharibi. Baada ya hapo lifungue lile faili, lihifadhi tena, jenga.

Barua iliyomo kwenye disketi sijui tena inamfaa nani. Nilifikiri nikuandikie uivunje disketi. Nimeandika hivyo na kuchana mara mbili. Asomewe. Lakini bado, si kwa mdomo wako.

Zahran


Gombani,
14 Septemba 2002

Ami Zahran,

Shikamoo. Tuko wazima wa mwili.

Imesema. Ilikuwa Jumatano tarehe 4. Niliiandikia saa kumi na sita kama ulivyonifundisha, nikahifadhi upya lile faili, ikajenga kwa dakika arubaini, nikaiandikia Bismillahi, ikaitamka. Baba alikuwa amevaa kanzu ileile. Nikaipa ukurasa mmoja wa gazeti nilioupiga chapa, ikausoma mpaka mwisho. Baba akasema, "Yasema kama baharia mgeni, lakini yafahamika." Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu mama yupo hai. Ningeweza kuishia pale. Nilifikiri kuishia pale.

Nikatia disketi, nikatoka, nikafunga mlango. Lakini mlango wa chumba kile unaujua, mbao zake zimeachana. Nilisimama uani nikasikia yote. Iliposema kaka Hamzah, mimi Zahran, nilingoja aizime. Hakuizima. Ikasema kwamba jina lake ulilipeleka wewe, siku mbili kabla ya kura, ili wakubwa wa serikali wakuamini. Ikasema Masika hakujua lolote, na kwamba uliondoka nchini kwa sababu ulikuwa huwezi kupita mlangoni kwake. Ikaomba radhi kwa sauti ileile iliyosoma bei za karafuu. Kisha ikanyamaza. Baba akaniita, akasema irejee. Nikairejesha nikatoka. Aliniita mara tatu.

Baada ya hapo akasema, "Nchukue kwa Masika." Nikamwambia, baba, Mzee Masika hayupo. Akasema, "Najua. Nchukue alipo." Nikamshika mkono tukaenda mpaka makaburini. Alikaa chini, akaupapasa udongo mpaka akajua kichwa kiko upande gani. Aliporudi alikuwa na udongo kwenye kanzu na hakutaka nimpanguse.

Usiku ule hakuniuliza. Aliniuliza asubuhi. "Weye ulijua?"

Ami, nilijua. Ulinikataza kuifungua na niliifungua, Ijumaa ya tarehe 24 Mei, nikijidai naijaribu disketi kama ni nzima. Mzee Masika alikuwa anakohoa tu wakati ule, alikuwa anatembea, alikuwa anakaa barazani kwake. Siku arubaini na nane nilikuwa nayo tumboni. Ningeweza kumsomea baba siku ileile kwa mdomo wangu, yangekwisha kwa nusu saa. Lakini ulisema si kwa mdomo wa mtu, nami nikajificha nyuma ya neno lako, na kila siku nikajiambia mashine inakaribia kusema. Mpaka jeneza lilipopita. Wewe unajilaumu kwa saa na mistari. Mimi nilikuwa na macho na ulimi, na dirisha nililifunga mimi.

Nilimwambia baba hivyohivyo nilivyokuandikia.

Hakunipigia kelele. Siku ya pili yake nilichukua gazeti nikaanza kumsomea kichwa cha habari kama siku zote. Akanyoosha kiganja kunizuia, akasema itie kwenye mashine. Tangu hapo sijamsomea hata mstari mmoja. Kila nitokapo skuli nakaa napiga chapa gazeti zima, herufi kwa herufi, kisha natoka chumbani inamsomea. Anaamini mashine kwa sababu haina la kumficha. Kuhusu wewe amesema jambo moja tu, kwamba ukiandika tena uandike kwenye disketi.

Leo nilipomwambia nataka kukujibu alisema niipige chapa kwanza asomewe, ndipo nikunakilie kwa mkono. Kwa hiyo haya yote unayoyasoma ameshayasikia. Ilipomaliza aliipapasa mpaka akapata kitufe, akaizima mwenyewe.

Mwanamize